Kuni za Upande wa Pili wa Ukuta

Mama mkwe wangu hachagui kuni kwa macho. Anachukua mbili, anazigonga karibu na sikio, anafumba macho na kusikiliza. Zikitoa mlio mkavu, zinaingia stoo. Zikitoa mlio mzito wa kitu chenye maji tumboni, anakunja uso, anamtazama dereva wa lori kwa jicho baya, na zinaingia stoo vilevile. Hapo ndipo nilipokuwa nashindwa kumwelewa. Sikio la kazi gani kama hulifuati?

Sisi tunaoka mikate. Baba mkwe, Mungu amrehemu, alijenga tanuri la matofali nyuma ya nyumba, akatoboa dirisha la kuuzia kwenye ukuta wa ua unaotazama mtaa, na tangu hapo nyumba nzima inaishi kwa mkate. Mama mkwe anachagua kuni na kuutazama moto, mume wangu anakanda, mimi naoka, nauza, na kugombana na wateja wanaobonyeza mikate bila nia ya kununua. Hatuna shamba, hatuna mshahara. Tuna tanuri.

Kuni baba mkwe alikuwa akizileta kwa lori kutoka msituni. Enzi zake msitu ulikuwa hapo nyuma ya kilima. Lori likitoka asubuhi, mchana limesharudi, na kuni ni za miti iliyojifia yenyewe ikakauka. Miaka ikapita, watu wakakata, na msitu ukawa unarudi nyuma kila mwaka. Sasa dereva analala njiani. Akifika huko anaangusha mti mbichi na majani yake, kwa sababu hana muda wa kungoja ukauke, anafunga matita kwa kamba ya bluu, na anachoma mafuta njia nzima ili sisi tupate cha kuchoma. Nilimweleza mama mkwe hesabu hiyo mara nyingi. Jibu lake lilikuwa moja tu, kwamba marehemu alikuwa anachukua za kule.

Na za kule hazikuja peke yake. Stoo ikaanza kuwa na unga mwembamba sakafuni, na mume wangu akasemwa na mama yake wiki nzima kwamba anamwaga unga wa ngano ovyo. Maskini akakubali kosa. Yeye hukubali kosa lolote mradi aachwe akande. Kumbe ulikuwa unga wa miti. Ndani ya kuni mlikuwa na vidudu vyeusi, vidogo kuliko punje ya mchele, vinavyotoboa mti usiku na mchana bila kupumzika. Vilipochoka na kuni vikahamia kwenye mzambarau wetu uani, ule alioupanda baba mkwe mwaka aliojenga tanuri. Tawi lake kubwa, lililoelekea ukutani, likakauka. Mvua zilipokuja na upepo wake, tawi likavunjika na kuangukia kwa jirani.

Jirani huyo ni seremala. Mtaa mzima unamwita Randa, kwa sababu hata akikusalimia anakukwaruza. Kando ya karakana yake kuna banda la bati lisilo na kuta, na humo amepanga kuni: matawi yaliyopunguzwa kwenye viwanja vya watu, miti iliyoangushwa na upepo, vipande vilivyobaki kwenye milango na vitanda. Amezipishanisha ili hewa ipite katikati, na haziuzi mpaka zimekaa humo mwaka mzima. Haangushi mti uliosimama kwa ajili ya moto. Kutoka banda lake mpaka mdomo wa tanuri letu, mtu mwenye mkono mzuri anaweza kurusha ukuni ukafika. Mama mkwe hakuwahi kununua kwake hata kijiti cha meno.

Sababu ya kuwaambia watu ilikuwa kwamba siku moja, zamani, Randa alimwambia baba mkwe mbele ya wateja kuwa pesa yake hainunui kuni, inanunua mafuta ya lori. Baba mkwe akanuna mpaka akaingia kaburini akiwa amenuna. Sababu ya kweli mama mkwe alinieleza mara moja tu, tukiwa tunachambua ngano.

"Mimi mjane, yeye mgane," alisema. "Mjane akinunua kuni kwa mgane, watu hawaoni kuni."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akaendelea kutoa mawe kwenye ngano kana kwamba hajasema kitu.

Basi tukaendelea kuchoma mbichi. Kuni mbichi zikiwaka zinalia, zinatoa povu kwenye ncha, na zinatoa moshi mzito unaotafuta nguo nyeupe. Ng'ambo ya barabara yuko dobi. Kila akianika mashuka, moshi wetu unavuka barabara bila kuangalia magari. Alivumilia, akalalamika kwetu, akavumilia tena, mwisho akaenda ofisi ya afya. Simlaumu. Hata mimi ningeenda.

Bwana afya akaja, kijana mpole mwenye viatu safi. Alilitazama bomba la moshi, akakohoa kwa heshima, akageuka upande. Akasema atarudi mwezi ukianza, na akikuta moshi ni huo, tanuri litafungwa. Hakupandisha sauti, na ndiyo maana niliogopa. Mtu anayefoka unaweza kumbembeleza. Huyu alikuwa ameshaamua, na alikuwa na haki.

Jioni ile nilimtazama mama mkwe nikitegemea atasema jambo. Alitoka uani, akachukua kuni mbili, akazigonga, akasikiliza maji yaliyomo, akasema marehemu alikuwa anachukua za kule. Kikao kikaisha. Mume wangu akarudi kwenye unga wake. Mimi nikabaki nimesimama na hasira zangu, na zangu huwa hazilali njaa.

Kesho yake nikazunguka kwenda karakana kwa Randa. Nikamwamkia. Alikuwa anapiga randa mlango wa mtu, hakuinua kichwa. Akauliza kama nimetumwa na mama mkwe. Nikasema sijatumwa. Akasema basi yeye hauzi kuni za wizi. Nikamwambia mimi siibi, nanunua. Ninayemwibia ni mama mkwe, na hayo ni mambo ya kifamilia. Hapo akacheka mpaka akaweka randa chini, akanipeleka nyuma ya banda. Kulikuwa na rundo limefunikwa na gunia. Akalifunua. Vipande vilikuwa vimekatwa kwa urefu wa tanuri letu hasa, utadhani alikuja kupima.

"Hili tawi lenu," alisema. "Lilianguka kwangu, lakini si langu. Nilipolipasua nikakuta wadudu. Nikasema hili haliendi popote. Nikiliuza mtaa wa pili, nimeuza na wadudu. Liwake hapahapa lilipokua."

Nikamuuliza mbona hakutuambia. Akaniuliza amwambie nani, mwanamke ambaye kila akimwona anageuka kutazama mawingu? Mawingu hayo nimemwona mama mkwe akiyatazama hata siku za jua kali. Tukakubaliana. Kazi ya kupasua atalipwa kwa mkate mmoja kila asubuhi, wa moto, wa kwanza kutoka. Tawi likiisha, ataniuzia za banda.

Na mimi nikipanga jambo, nalipanga. Niliyafua magunia ya ngano na kuyaanika kwenye kamba iliyo mbele ya ukuta, yawe pazia. Asubuhi, mama mkwe akiwa bafuni, Randa alipitisha kuni juu ya ukuta na mimi nikazipokea nyuma ya magunia. Nikafungua matita ya lori, nikachukua kamba zake za bluu, nikafungia kuni za Randa. Zikawa kuni za mbali kwa nje. Nilijiona mwerevu kuliko mtu yeyote aliyewahi kuolewa katika nyumba ile.

Mama mkwe akatoka, kitambaa kichwani, akachukua mbili kutoka kwenye tita langu. Akazigonga. Akafumba macho. Akakaa hivyo muda mrefu kuliko kawaida, halafu akafanya kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya: akaunusa ukuni mmoja.

"Dereva siku hizi amepata akili," alisema, akazitia tanurini.

Moto wa siku ile ulikuwa moto. Ulishika bila kupulizwa, ukawaka kimya, matofali yakapata joto mapema, na kutoka kwenye bomba ukapanda moshi mwembamba ambao ilibidi utafute ndipo uuone. Mikate ikavimba sawasawa, ikapata rangi chini na juu. Kuni nazo tulitumia chache kuliko kawaida, kwa sababu moto haukupoteza muda kukausha maji ya mtu. Kabla ya wiki kwisha dobi alianza kutupungia mkono. Wateja wakaanza kubonyeza mikate na kuinunua pia.

Shida ikawa moja. Zile mbichi za lori, zilizolegea baada ya kunyang'anywa kamba, zilibaki zimerundikwa kwenye kona ya stoo, na rundo halikupungua. Tunaoka kila siku na rundo liko palepale. Niliwahi kulihamishia pembe nyingine ili lionekane limeguswa. Asubuhi moja mama mkwe alisimama mlangoni mwa stoo, mikono kiunoni.

"Kuni za safari hii zina baraka," alisema. "Tunachoma na hazipungui."

Nikasema Mungu ni mwema. Akasema ni kweli, Mungu ni mwema, na mimi namsaidia. Nilidhani ananisifu, nikatembea siku nzima nimejaa sifa.

Dereva wa lori naye hakuonekana tena. Nikashukuru kimoyomoyo, nikidhani lori limeharibika huko njiani, na nikaliombea gari la watu liendelee kuharibika. Mume wangu sikumwambia chochote. Nampenda, lakini siri kwake ni kama maji kwenye chekecheo. Mama yake akimuuliza tu amelalaje, anaanza kutubu.

Hilo la kutomwambia ndilo lililotaka kutuua.

Siku ya bwana afya ilipofika, mume wangu aliamka mapema. Tangu nimemjua hajawahi kuamka kabla ya kuvutwa mguu. Lakini alikuwa na wasiwasi kama sisi sote, alilipenda tanuri la baba yake, na akaona leo atusaidie wanawake. Akaingia stoo, akaona rundo kubwa limekaa bila kazi. Akaona pia tita langu moja dogo lililobaki, akalihurumia, akaliacha. Akabeba zile mbichi kwa mikono yake miwili, safari baada ya safari, akalijaza tanuri mpaka mdomoni, akawasha kwa mafuta ya taa na matumaini.

Nilikuwa nyuma ya magunia, nimekumbatia kuni nilizopokea kwa Randa, niliposikia mlio. Ule mlio wa povu. Nikatoka mbio. Moshi ulikuwa umeshajaa uani na sasa unapanda bombani, mweusi, mnene, unaelekea barabarani kwa mashuka ya watu. Mume wangu alisimama katikati yake, macho yanamtoka machozi, anatabasamu.

"Nimeshakuwashieni," alisema.

Nilikasirika mpaka nikakosa tusi. Wakati huohuo nikasikia mtu anagonga kwenye dirisha la kuuzia, kwa heshima, na kikohozi ninachokijua. Bwana afya. Na nyuma yake sauti ya dobi, na nyuma ya dobi wateja wa asubuhi, maana habari ya tanuri kufungwa haihitaji kutangazwa. Nikaliona akilini dirisha limefungwa, sisi tumekaa ndani tunatazamana na mifuko ya ngano. Kosa lilikuwa la nani? La mume wangu aliyeamka mapema, au langu mimi mwerevu?

Mama mkwe akatoka. Akapita katikati ya moshi bila kukohoa, akaokota kuni mbili zilizoanguka karibu na tanuri, akazigonga. Safari hii hakufumba macho. Akamwambia mwanawe atoe zote, azimwagie mchanga, asiache hata kaa moja. Aliongea taratibu, na mume wangu akafanya haraka kuliko nilivyowahi kumwona akifanya kitu kisichokuwa kukanda.

Halafu akaenda moja kwa moja kwenye kamba ya nguo. Hakupapasa. Alisogeza gunia lilelile ninalosogeza mimi kila siku, akasimama mahali pale pale ninaposimama, akainua uso ukutani.

"Jirani," aliita.

Upande wa pili, randa ikanyamaza.

"Jirani, nipe kuni zangu."

Bwana afya aliingiza kichwa dirishani, na juu ya bega lake nikaona nusu ya uso wa dobi.

"Zipi, mama?" sauti ya Randa ikauliza, na kwa mara ya kwanza haikukwaruza.

"Za mzambarau wangu. Nimeota moto wake tangu bwana afya aondoke hapa, leo ndiyo unajifanya huzijui?"

Kitu kikaanguka kule karakana, nadhani ni randa yenyewe. Mimi nilikuwa bado nimekumbatia zile nilizopokea, na hapo ndipo nilipotambua nilivyosimama: mbele ya mtaa mzima, kifuani nimebeba ushahidi.

"Mwingi umeshauchoma," Randa akasema. "Umebaki kidogo."

"Lete uliobaki. Ukiisha, lete za kwako. Nitanunua."

Aliisema kwa sauti ya kusikika barabarani. Nitanunua. Neno alilolikimbia miaka yote kwa kuogopa midomo ya watu, alilisema mbele ya midomo yenyewe, imejipanga dirishani ikingoja mkate.

Kuni zikaja juu ya ukuta, mchana kweupe, bila pazia. Mume wangu alizidaka mdomo wazi. Mama mkwe alizipanga tanurini kwa mkono wake, akawasha, na ule moto ukashika vilevile, kimya. Moshi mweusi ukakatika. Ukafuata ule mwembamba, halafu hata huo ikawa kazi kuuona. Bwana afya alisimama barabarani ameinua shingo muda mrefu. Akamuuliza dobi kuhusu wiki zilizopita. Dobi akavuta shuka moja kutoka kwenye kapu lake, akalinusa mbele ya watu, akampa bwana afya naye anuse. Nilidhani sitawahi kumpenda dobi yule, na siku ile nilimpenda.

Bwana afya akauliza ule moshi wa mwanzo ulikuwa wa kuni gani. Mama mkwe akamjibu kwamba ni kuni za lori, zimetoka mbali, hazijui hapa tunaishije, na hazitakuja tena. Akaridhika. Akasema tanuri liendelee, lakini atapita mara kwa mara. Akabonyeza mkate kwanza, nikamwacha abonyeze, akanunua miwili.

Watu walipotawanyika nilimuuliza mama mkwe alijua tangu lini. Akanitazama kama nimemuuliza jua linachomoza wapi.

"Tangu siku ya kwanza. Mti ule nimeishi nao zaidi kuliko nilivyoishi na wewe, mwanangu. Nisijue mlio wake?"

"Na ukanyamaza?"

"Mkwe akiiba kuni, nani atasema mama mkwe amenunua?"

Akaongeza, huku akifuta mikono kwenye kanga, kwamba lori la watu halikuharibika popote. Ni yeye aliyemwambia dereva asirudi, siku ileile aliyounusa ule ukuni. Yaani siku zote zile nilizobeba kuni kwa kunyata, vibanzi viganjani, roho mkononi, nikihamisha rundo toka pembe hii kwenda ile, nilikuwa namficha mtu aliyekuwa ananitazama. Nilikuwa pazia, mimi na magunia yangu. Nilikasirika sana. Halafu nikacheka mpaka nikakaa chini, na mume wangu, ambaye hakuelewa kitu, akaomba msamaha.

Za lori tumezitandaza uani zikauke, tunazichoma moja moja palepale. Hakuna hata ukuni mmoja ulioondoka na wadudu wake kwenda kwa mtu. Mzambarau tumeupunguza, umetoa majani mapya upande uliovunjika. Na Randa ametoboa mlango mdogo ukutani, akautengeneza kwa mbao zilizobaki, ili kuni zisirushwe tena kuvunja mtu kichwa. Mtaa unasema, kama mama mkwe alivyotabiri, na hawasemi kuhusu kuni. Yeye anasema waseme, mdomo wenye mkate hausemi sana.

Kazi tumegawana. Kuni nabeba mimi, kwa kuwa nimeshazoea. Ule mkate wa kwanza wa moto, wa Randa, mama mkwe anaupeleka mwenyewe. Si mbali, ni kuvuka mlango tu. Anaporudi, mkate wa mwisho umeshatoka na kupoa.